Jina la baba lilikuwa ukurasa wa pili

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, na mwaka 2009 alitoka Tukuyu kwenda Mbeya mjini mara mbili ndani ya wiki moja kufuatilia malipo yake. Ofisi siitaji. Mara ya kwanza alirudi mikono mitupu, na sababu yake nimekuja kuielewa miaka mingi baadaye, nikiwa nimekaa mbele ya skrini nyeusi yenye herufi za kijani kama ile ile aliyokuwa anaitazama yule karani.

Alivyotusimulia ilikuwa hivi. Karani alikuwa binti mwenye heshima zake, alimwamkia vizuri, shikamoo mwalimu, marahaba, akaandika jina, akaangalia, akasema mwalimu jina lako halipo humu. Baba akamwambia hebu angalia tena mwanangu, barua mmeniandikia wenyewe. Akaangalia tena. "Wameishia hapa mwalimu, baada ya hapa hakuna mtu." Basi baba akapanda gari akarudi, Uyole, Igawilo, Isyonje, Kiwira, kama kilomita 70 na mwezi wa sita kule mnajua baridi yake ikoje, akafika usiku akanywa chai kimya kimya. Mzee ambaye amefundisha darasa la kwanza miaka yote ile ameambiwa kwamba hayupo.

Mara ya pili nilienda naye mimi. Siku hiyo alikuwepo karani mwingine mtu mzima, akaandika jina lile lile, orodha ile ile ikaja, halafu akabonyeza kitu kimoja tu juu ya kibodi na skrini ikabadilika. "Mwalimu si huyu hapa." Mstari wa tatu kutoka juu. Yaani jina lilikuwepo siku zote, ukurasa wa pili, na ile skrini ya kwanza haikuwa na alama yoyote ya kusema kwamba kuna ukurasa wa pili.

Jina letu linaanza na Mwa. Aliyeishi Mbeya nimeshamaliza kumwelezea. Kwa wengine: Unyakyusani ukitafuta mtu kwa herufi tatu za mwanzo M, W, A, umeleta nusu ya wilaya. Mwakalinga, Mwakyusa, Mwaipopo, Mwambene, Mwasomola, zinaendelea tu. Aliyetengeneza skrini ile naamini aliijaribu na majina kumi hivi, yakatosha, akaenda nyumbani. Yule binti simlaumu hata kidogo, alisoma kile alichoonyeshwa.

Mimi sasa kazi yangu ndiyo hiyo, programu za skrini kama ile. Nilijifunza COBOL, lugha ya zamani ya kuandikia programu, nikiwa Johannesburg, na siku hizi naishi hapa Mbeya, Forest Mpya, naitunzia kampuni moja ya bima ya nje programu zao za meinifremu kwa njia ya mtandao. Meinifremu ni zile kompyuta kubwa ambazo mabenki, mashirika ya ndege, bima na serikali za nchi nyingi bado wanazitegemea kwa hesabu zao za kila siku. Na sisi Tanzania hatukuchelewa kuonja kompyuta kubwa, ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ila mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, nadhani hilo limechangia kwetu watu waliokulia kwenye mashine hizi kuwa wachache. Wachache mno. Ndiyo maana naandika hii kwa Kiswahili, jinsi ya kuonyesha orodha ya kurasa nyingi kwenye skrini hizi bila kumpoteza mtu.

Tuanze na nafasi, kwa sababu shida yote ya kurasa inatoka hapo. Terminali ya IBM 3270, yaani skrini na kibodi ya kuongea na meinifremu, ilitoka mwaka 1971, na saizi iliyozoeleka mpaka leo ni mistari 24 kwa herufi 80, jumla nafasi 1920. Ziko kubwa zaidi, zipo za mistari 32, 43, ipo ya mistari 27 kwa herufi 132, lakini programu nyingi zimeandikwa kwa ile 24 kwa 80 na leo terminali yenyewe ni programu tu ndani ya laptopu inayoigiza ile ya zamani. Sasa toa mstari wa kichwa, toa wa kutafutia, toa wa majina ya safu, toa wa ujumbe, toa wa kuonyesha vitufe, acha na mistari mitupu mitatu minne macho yapumue, unabaki na mistari 15 au 16 ya data. Majina 15, basi. Orodha ya watu 600 ni kurasa 40.

Na upana nao unakudanganya. Zile 80 hupati 80, kwa sababu kila fildi, yaani kila sehemu ya kuonyesha au kuandikia kitu kwenye skrini, inatanguliwa na nafasi moja inayobeba tabia yake, kama imefungwa au inaandikika, inang'aa au imefichwa, na nafasi hiyo kwenye kioo inaonekana tupu. Chukua safu sita: herufi 1 ya kuchagulia, namba ya mwanachama 10, jina 30, tarehe 10, kiasi 12, hali 8. Hiyo ni 71, ongeza sita za tabia unakuwa 77, zimebaki tatu. Hapo ndipo watu wanaanza kukata jina. Nimewahi kurithi skrini iliyokuwa na jina la herufi 15, na mimi data yangu ya majaribio nyumbani huwa naijaza majina ya kwetu, nikaona mistari mitatu imefuatana yote imeandikwa MWAKALINGA ANYE. Anyelwisye yupi? Jina la tatu ambalo ndilo lingewatofautisha limekatwa. Kama nafasi haitoshi bora uondoe safu nzima, ile tarehe iende skrini ya maelezo, kuliko kukata jina la mtu.

Halafu kuna jambo ambalo mtu aliyezoea kutengeneza tovuti linamsumbua sana mwanzoni. Chini ya CICS, ambayo ndiyo inayoendesha hizi skrini kwenye meinifremu nyingi za IBM, programu yako ikishatuma skrini kwa desturi inakufa. Kabisa. Karani anasoma, anakunywa chai, anaongea na mteja, na muda wote huo programu haipo, haili nafasi ya mtu, ndiyo siri ya mashine moja kuhudumia maelfu ya watu kwa mpigo. Akibonyeza Enter au PF8, kitufe cha kwenda mbele ambacho kwenye laptopu ni F8, inaamshwa programu upya na haikumbuki chochote isipokuwa kile ulichojiandikia kabla hujafa, kikaratasi kinachoitwa COMMAREA, na kikaratasi hicho mwisho wake ni kama baiti elfu 32. Hata mlango wa kusomea uliokuwa umeufungua kwenye DB2, hifadhidata ya IBM, unafungwa transaksheni ikiisha. Kwa hiyo swali la kurasa nyingi ni swali la kumbukumbu: nikiamka, nitajuaje nilikuwa nimefika wapi?

Jibu la haraka ambalo kila mtu anaanza nalo ni kuandika namba ya ukurasa. Nilikuwa wa pili, sasa ni wa tatu, basi soma tangu mwanzo, ruka 30, onyesha 15. Msifanye hivi jamani. Kwanza ukifika ukurasa wa 40 unasoma rekodi 585 za kutupa ili uonyeshe 15. Pili na ndilo kubwa, data haijasimama inakusubiri. Wewe ukiwa unasoma ukurasa wa pili, karani wa dirisha jingine kaingiza Mwaipopo mpya ambaye anaangukia ukurasa wa kwanza, kila mtu anasogea chini hatua moja, ukibonyeza mbele yule wa mwisho uliyemwona anatokea tena juu. Hiyo siyo mbaya sana. Ila kama kafutwa mtu badala ya kuongezwa, kila mtu anapanda juu hatua moja, na yule aliyekuwa wa kwanza ukurasa wa tatu ameingia ukurasa wa pili ambao umeshaupita. Hutamwona. Yupo kwenye faili, hayupo kwenye macho yako, na kuna mzee mahali amepanda gari kutoka Tukuyu.

Kumbuka ufunguo, yaani kile kinachotumika kumtafuta mtu kwenye faili, kama jina au namba yake. Andika kwenye COMMAREA ufunguo wa mtu wa kwanza na wa mwisho kwenye ukurasa, ukiamka anzia pale. Kwenye faili la VSAM, mafaili ya meinifremu yanayosomwa kwa ufunguo, ni amri ya STARTBR kuanzia ufunguo ule halafu READNEXT ya kusoma anayefuata mpaka ujaze. Watu waongezwe wafutwe, wewe unaendelea kutoka kwa mtu, hujali alikuwa wa ngapi.

Lakini ufunguo upi, hapo ndipo nilipokaa wiki nzima. Tuseme orodha imepangwa kwa jina, na umefika Makete. Makete kina Sanga ni wengi kweli kweli, tuseme faili lako lina Sanga 45. Ukurasa wako wa mistari 15 umejaa Sanga watupu na kikaratasi kimeandikwa tu SANGA. Karani anabonyeza PF8. Ukianza na jina lililo sawa au kubwa kuliko SANGA, unarudi kwa Sanga wa kwanza, unaonyesha wale wale 15, akibonyeza tena wale wale, mpaka jioni. Ukisema basi nianze na jina kubwa kuliko SANGA, umewaruka Sanga 30 waliobaki kwa mpigo mmoja, uko kwa kina Sinkala huko. Na hii inatokea hasa kwenye faharasa ya ziada ya VSAM inayoruhusu majina kurudiwa, ukianza upya unatua kwa wa kwanza wao, hakuna namna ya kutua katikati. Dawa ni ufunguo uwe jina pamoja na kitu kisichorudiwa, namba ya mwanachama, viwili vikae pamoja kwenye kupanga na kwenye kuanzia. Kwenye DB2 unaandika jina kubwa kuliko lile, au jina sawa na lile na namba kubwa kuliko ile, upange kwa vyote viwili, uchukue rekodi 16.

Kwa nini 16 wakati mistari ni 15? Hii ndiyo rekodi iliyomponza baba kwa kutosomwa. Unasoma moja zaidi ya unazoonyesha, huionyeshi, unataka tu kujua ipo au haipo. Ikiwepo unaandika kwamba orodha inaendelea. Isipokuwepo unaandika mwisho. Programu isiyosoma hiyo ya 16 haiwezi kusema ukweli, majina yakiwa 15 kamili inabidi ibahatishe, na nimeona zinazobahatisha upande wa kukuahidi ukurasa ambao ukifika ni mtupu, na zinazokaa kimya. Kusoma rekodi moja ya ziada mashine haisikii.

Watu wataniuliza kwa nini nisiweke ukurasa 3 kati ya 41. Naelewa, inapendeza, na karani anapenda kujua safari imebaki kiasi gani. Ila kujua hiyo 41 lazima uhesabu orodha yote kila mtu anapotafuta MWA, na ikibadilika katikati unakuwa umeandika uongo kwenye kioo. Kwa orodha fupi sawa. Kwa ndefu mimi naweka sehemu ya kuandikia pale juu, Anzia, karani anaandika MWAKIP na orodha inaanzia hapo hapo, hakuna binadamu anayetakiwa kubonyeza PF8 mara arobaini mteja amesimama.

Kurudi nyuma ni kugumu kuliko kwenda mbele, na wengi wanakufanya mwisho kabisa wakiwa wamechoka. READPREV, amri ya kusoma aliyetangulia, ipo, ila ina tabia zake. Ukiwa unaenda mbele na READNEXT halafu ukageuka, READPREV ya kwanza inakupa rekodi ile ile uliyotoka kuisoma, kwa hiyo usipoitupa utamwona mtu mara mbili. Ukianza na ufunguo wa mtu aliyefutwa dakika mbili zilizopita na kuita READPREV moja kwa moja, unaambiwa NOTFND, yaani hapatikani, wakati waliomtangulia wapo wote. Halafu unajaza mistari kutoka chini kwenda juu, na ukikuta nyuma wamebaki saba tu huwezi kuonyesha nusu ukurasa, unaanza upya mwanzo wa orodha. Mimi siku hizi naweka kwenye COMMAREA funguo za kwanza za kila ukurasa uliopitiwa, moja juu ya nyingine kama sahani, akibonyeza PF7 natoa ya juu nasoma kwenda mbele kutoka pale. Ufunguo wa baiti 40 mara kurasa 200 ni baiti 8000, inaingia bila shida. Uzuri wake hasa ni kwamba anarudi kwenye ukurasa ule ule aliouacha, unaanza na mtu yule yule. Macho ya mtu yanakumbuka sehemu, "alikuwa pale karibu na chini", ukimpa ukurasa uliosogea mistari minne umempoteza.

Ipo njia nyingine ya kusoma orodha yote mara moja na kuiweka kwenye foleni ya TS, hifadhi ya muda ya CICS, halafu kila ukurasa unachota kwa namba. Sipingi, kama orodha imetokana na hesabu nzito ambayo hutaki kuirudia ni njia nzuri. Ila unaonyesha picha ya saa ile, na karani akizima terminali akaenda nyumbani foleni inabaki imekaa hapo, lazima uwe na mpango wa kuifagia.

Kuna kosa jingine ambalo linaumiza watu wanaofanya kazi halisi. Karani ameweka alama kwenye mistari mitatu ya ukurasa huu, anataka na wawili wa ukurasa unaofuata, anabonyeza PF8, zile tatu zimepotea. Hakuna aliyemwambia. Terminali ilizileta, maana 3270 inarudisha fildi zilizoguswa, programu ndiyo ilizitupa kwa sababu iliona PF8 ikakimbilia kugeuza ukurasa. Soma alichoandika kwanza, kitunze pamoja na ufunguo wa mtu husika, halafu ndiyo ugeuze, na akirudi akute alama zake zipo. Vilevile akiingia kwenye maelezo ya mtu mmoja na kutoka kwa PF3, arudi ukurasa alioutoka na kishale kikae kwenye mstari ule ule. Kumrudisha ukurasa wa kwanza ni kumwambia aanze safari upya. Na PF7 iwe nyuma, PF8 mbele, PF3 kutoka, siyo mahali pa kuonyesha ubunifu, vidole vya watu vimeshazoea.

Nina kimoja bado kinanisumbua, upangaji wa majina yenyewe. Meinifremu inatumia EBCDIC, mpangilio wa IBM wa kuzipa herufi namba, ambayo ndani yake herufi ndogo zinatangulia kubwa na tarakimu zinakuja mwisho baada ya herufi zote, kinyume na mtu anavyozoea. Alama ya king'ong'o inatangulia herufi zote, kwa hiyo Ng'umbi anakaa kabla ya kina Nga wote, na yule Ngumbi ambaye karani aliruka kile kialama anakaa mbali huko chini, inawezekana ni ndugu wa tumbo moja na wako kurasa mbili tofauti. Kwa sasa naweka fildi ya pili isiyo na alama, herufi kubwa tupu, naipanga kwa hiyo na kuonyesha ile iliyoandikwa na mwenyewe. Inafanya kazi, ila ni fildi ya ziada ya kutunza, na kama una njia bora zaidi nitafurahi kuijua.

Kujifunza haya siku hizi huhitaji mashine ya mabilioni. Ipo Hercules, programu ya bure inayoigiza meinifremu ndani ya laptopu, unaweka MVS ya zamani, mfumo endeshi wa meinifremu, na KICKS ambayo inafanana sana na CICS, na unaandika skrini zako. Mimi nafanyia pale majaribio ya nyumbani. Hata intaneti ikilegea mvua za masika hapa kwetu, skrini nzima haifiki hata baiti elfu mbili na kitu, inakuja tu.

Mwezi wa saba baba alikuja kukaa kwangu wiki mbili. Jioni moja nikamweka mbele ya laptopu, nimejaza faili majina ya Rungwe, nikamwambia baba tafuta jina letu. Akavaa miwani, akaandika MWA kwa kidole kimoja, akabonyeza Enter, orodha ikaja. Akasoma wote 15 mmoja mmoja kama anaita mahudhurio. Akafika chini kulia ambako nilikuwa nimeweka Zaidi: + kama ilivyo desturi ya skrini hizi tangu zamani.

"Hiki kijumlisha ni cha nini?"

Nikamwambia kinamaanisha orodha bado inaendelea baba, bonyeza F8. Akabonyeza, akajiona, mstari wa tatu, nilimweka hapo makusudi. Alikaa kidogo bila kusema kitu.

"Sasa na karani asiyejua maana ya kijumlisha?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule ule nilifungua ramani ya skrini nikafuta ile alama. Mstari wa 22 sasa umeandikwa ORODHA INAENDELEA, BONYEZA F8, kwa rangi ya njano, herufi 29 kati ya 80, na mtu wa mwisho akishaonyeshwa unabadilika kuwa MWISHO WA ORODHA.